Dumu la Mafuta Linakaa Siku Ngapi?

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu yote ni kupima: kifua, kiuno, nyonga, bega mpaka kiwiko. Nikikosea nusu inchi, gauni la harusi halifungi, na bibi harusi ana haki ya kulia. Lakini jikoni kwangu, kwa miaka kumi na minane ya ndoa, sikuwahi kupima kitu. Mafuta nilimimina, chumvi nilinyunyiza kwa vidole, sukari nilichota mpaka moyo uridhike. Naandika haya kwa sababu huko kutopima kulinifikisha pabaya, kwenye kisukari na presha, na nilipoanza kutafuta njia ya kutoka nikafanya makosa ambayo mtu mmoja tu aliyeyapitia angetosha kunikanya. Sikumpata mapema.

Ilikuwa Desemba 2022, hapa Morogoro. Fundi yeyote anaijua Desemba: sare za kwaya, vitenge vya familia nzima, magauni ya ubatizo. Nalala saa saba usiku, naamka saa kumi na moja. Uzi ukaanza kunishinda kutunga. Nikiinua sindano mbele ya taa naona matundu mawili, yote yana ukungu. Nikanunua miwani kwa mmachinga, shilingi 5,000, nikajiambia umri umefika, miaka 44 si mchezo. Kiu nayo ikanijia ya ajabu. Chupa ya maji ya lita moja na nusu pembeni ya cherehani inaisha kabla ya saa nne asubuhi, na usiku naamka mara nne, mara tano kwenda chooni. Nikasema ni joto. Morogoro Desemba ni joto kweli, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na pa kusimama. Kichwa kikigonga kisogoni nameza Panadol mbili, naendelea kushona.

Aliyenishtua ni mteja, mama mmoja nesi mstaafu. Alikuja kujaribu gauni lake, na katika muda ule aliokaa fremuni niliomba radhi mara mbili kwenda chooni. Nilipopiga magoti kumwekea pini kwenye pindo akanishika bega.

“Fundi, umepima sukari lini?”

“Sijawahi, mama.”

“Kesho usinywe chai. Nenda ukapime ukiwa hujala kitu, na presha wakupime hapo hapo.”

Sikwenda kesho yake, nilikuwa na sare za watu. Nilikwenda Januari, mwaka umeshageuka. Presha ilisoma 164/102. Sukari kabla ya kula ilisoma 10.8, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Wakanirudisha siku nyingine wakapima tena, ikawa 11.1. Kwa wasiojua, kama mimi wakati ule: sukari ya asubuhi tumbo tupu ikifika 7.0 na kurudia hivyo, hicho ni kisukari. Presha ikikaa 140/90 au zaidi kila unapopima, hiyo ni presha ya kupanda. Uzito wangu ulikuwa kilo 92. Nilipofika fremuni nilifunga mlango, nikachukua futi yangu shingoni nikajipima kiuno. Inchi 41. Kwa mwanamke, kuanzia inchi 35 hivi tayari ni kengele ya hatari kwa moyo na sukari. Futi hiyo hiyo ilikuwa shingoni mwangu kila siku.

Kule nilikopimwa nilipewa vidonge vya aina mbili, kadi, na maelezo ya dakika tatu: acha sukari, acha mafuta, acha wali, ugali kidogo, fanya mazoezi. Foleni ilikuwa imetoka mpaka nje, namwelewa yule aliyenihudumia. Ila niliondoka na orodha ya kuacha tu. Cha kupika jioni ile sikukijua.

Kosa la kwanza lilikuwa kunyamaza. Siku tisa sikumwambia mume wangu. Shangazi yangu alikatwa mguu kwa sukari nikiwa darasa la sita, na kilichonijia kichwani ni kiatu chake kimoja kilichobaki uvunguni miaka mingi, hakuna aliyethubutu kukitupa. Dawa nilizificha kwenye kopo la vifungo. Nikapika kama kawaida ili wasigundue, nikala kama kawaida ili wasiulize. Ukipewa jibu kama langu, usilale nalo peke yako hata siku mbili. Mwambie anayekula na wewe chungu kimoja, maana ndiye mtakayebadilisha naye chungu hicho.

Kosa la pili lilitaka kuniua. Jirani yangu wa fremu, kwa nia njema kabisa, aliniunganisha na mtu anayeuza unga wa mizizi. Makopo mawili, shilingi 85,000, na ahadi kwamba siku ya arobaini naachana na vidonge. Mimi sikusubiri hata hiyo arobaini, vidonge nikaviweka kando siku ile ile. Wiki mbili nikajisikia mzima, na hapo ndipo presha inapokuwa mbaya: haiumi. Siku ya thelathini na tatu nilikuwa nakata kitambaa cha suti, mkono wa kushoto ukafa ganzi, mkasi ukaanguka, na nilipotaka kumwita binti ninayemfundisha kazi, ulimi ukawa mzito kama nimeng'atwa na nyuki. Dakika kumi hivi, kisha kila kitu kikarudi sawa. Hospitali presha ilisoma 188/112. Daktari wa zamu aliniambia, “Mama, hii ilikuwa hodi ya kiharusi. Mara nyingi hakipigi hodi.” Sina ugomvi na mitishamba. Mlonge upo uani kwangu na majani yake tunayaunga mboga. Ninachosema ni kwamba usiache vidonge bila aliyekuandikia kujua, na dalili kama zile, hata zikipita zenyewe, ni za kukimbilia hospitali saa ile ile.

Hofu hiyo ikanirusha upande wa pili. Nikafuta ugali, wali, viazi, ndizi, vyote. Asubuhi tango, mchana kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi, usiku maji na usingizi. Vidonge vya metformini, vile vya sukari, ambavyo vinatakiwa viende na chakula, nikavimeza tumbo tupu, nikaharisha wiki nzima. Siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, kizunguzungu kilinikuta nikiwa kwenye pindo la gauni. Macho yakaingia giza, mguu haukuachia pedali, na sindano ikapita katikati ya kucha ya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Ilibidi nizungushe gurudumu kwa mkono mwingine, taratibu, kuipandisha sindano itoke. Kovu lipo mpaka leo, lina rangi ya risasi. Usiku ule nilisimama jikoni gizani nikala chapati nne baridi bila mboga, nalia huku natafuna.

Mengine nayapita haraka. Nilinunua “unga wa wagonjwa wa sukari” kwa shilingi 9,000 kilo, kumbe ndani ni mahindi yasiyokobolewa, mtama, ulezi na soya, vitu ambavyo ningesaga mwenyewe kwa theluthi ya bei hiyo. Nilinunua lita nzima ya asali ya Tabora kwa kuambiwa haipandishi sukari. Inapandisha. Juisi ya matunda, hata ya kusaga nyumbani bila kuongeza kitu, inapandisha pia. Kula chungwa lenyewe, na nyuzi zake. Mkate wa kahawia mara nyingine ni mkate mweupe uliotiwa rangi, soma pakiti.

Mwishoni mwa Machi ndipo nilipoelekezwa kwa afisa lishe, dada mdogo tu, umri wa wadogo zangu. Nilikuwa nimejiandaa kusomewa orodha nyingine ya kuacha. Hakuniuliza hata ninakula nini.

“Mama, nyumbani mko wangapi?”

“Sita.” Mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe.

“Dumu la mafuta la lita tano linakaa siku ngapi?”

Nikanyamaza.

“Pakiti ya chumvi ya nusu kilo je?”

Nayo sikuijua. Sukari ndiyo niliijua, kilo tatu kwa wiki, kwa sababu naandikiwa kwenye daftari la duka.

“Basi nenda nyumbani. Usibadilishe kitu. Ukifungua dumu andika tarehe juu yake, likiisha andika tena. Chumvi vivyo hivyo. Rudi na hizo tarehe.”

Nilijaribu kuandika kwa chaki yangu ya fundi, haikushika kwenye plastiki, nikachukua kalamu ya wino mzito. Dumu lilifunguliwa tarehe 2 Aprili, likaisha tarehe 20. Siku kumi na nane. Tulipiga hesabu pamoja mezani kwake: lita tano kwa siku kumi na nane kwa watu sita ni vijiko vikubwa vitatu vya mafuta kwa kila mtu kila siku, hata kwa mtoto wa miaka saba. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi. Chumvi ilikaa siku tisa, sawa na zaidi ya gramu 9 kwa mtu kwa siku, wakati Shirika la Afya Duniani linataka isifike 5, yaani kijiko cha chai kimoja, na humo ihesabiwe hata iliyo kwenye mkate na dagaa. Sukari ilikuwa karibu vijiko vya chai kumi na vinane kwa kila mmoja, bado soda. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa peke yake.

Nilikaa kimya nikiangalia ile karatasi. Miezi mitatu nilikuwa naulaumu ugali, naogopa wali, nawaonea wivu wanangu wanaokula ndizi. Kumbe na wao walikuwa wanakula vile vile nilivyokula mimi mpaka nikafika inchi 41, na aliyekuwa anawamiminia ni mimi. Hapo niliacha kupika sufuria mbili. Nilikuwa napika changu pembeni kama mgonjwa na chao katikati kama karamu, mkaa unaisha mara mbili na mtoto wa mwisho anauliza kwa nini mama hali na sisi. Tukarudi chungu kimoja.

Jinsi nilivyofanya mafuta ni hivi. Nilichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, ya mililita 100, nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni. Kila asubuhi naijaza mafuta, na hayo ndiyo ya siku nzima kwa nyumba nzima. Yakiisha yameisha. Jumapili najaza mara mbili, kwa sababu Jumapili ni Jumapili. Wiki ya kwanza chupa iliisha kabla ya chakula cha mchana, nikajua mafuta yalikuwa yanaenda wapi. Nilidhani ni maandazi. Hapana, ni kuunga: nilikuwa naunga mchicha kwa mafuta mengi, naunga maharage, naunga mchuzi, kisha natia mengine kwenye wali ili uchambuke. Sasa kitunguu nakiweka na kijiko kimoja cha mafuta, moto mdogo, nafunika. Kikianza kushika natia vijiko viwili vya maji, kinalainika na kuwa na utamu wake. Nyanya nazo nazifunika mpaka ziive kwa maji yake zenyewe. Mchicha nauweka mwisho, dakika chache tu, siumwagi maji yake. Na nikitia karanga za kusaga sitii mafuta, nikitia tui sitii mafuta, kwa maana karanga na nazi ni mafuta tayari. Zamani matatu yote yalikutana kwenye sufuria moja.

Chumvi naitia mwisho kabisa, chakula kikishatoka jikoni. Ukiiweka mapema inazama ndani na ulimi hauioni, unaongeza. Juu ya hapo ndimu. Ndimu inadanganya ulimi kwa namna ya ajabu. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili manga, giligilani vilikuwepo siku zote sokoni, nikawa nanunua vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi ambavyo vimejaa chumvi. Niliviacha kabisa. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi nawaosha maji ya moto mara mbili.

Ugali ndio ulioleta kesi nyumbani. Nilipika dona siku ya kwanza, dona tupu, na nikaipika kama sembe, ikatoka ngumu yenye mabonge. Mama mkwe aliimega, akaitazama, akairudisha sahani.

“Mkwe wangu, nimekukosea nini mpaka unanipikia ugali wa jela?”

Sikumjibu, alikuwa na haki. Wengi wa rika lake wanaijua dona kwa sifa hiyo, ya jela na bweni. Kesho yake nilichanganya robo dona, robo tatu sembe. Wiki iliyofuata nusu kwa nusu. Mwezi wa pili ikawa dona tupu na hakuna aliyesema neno, maana nilikuwa nimeshajifunza: dona inataka maji mengi zaidi, uji wake uchemke vizuri kabla ya kuongeza unga, na uusonge na kuufunika dakika kadhaa moto ukiwa mdogo. Tena usage kidogo kidogo. Kiini cha mahindi kina mafuta, unga ukikaa muda mrefu unakuwa mchungu. Chambua mahindi kabla ya kusaga, yaliyovunda na yenye ukungu tupa, usiseme mashine itayasaga. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara, na hiyo sumu haiondoki kwa kupika.

Kuhusu kiasi, nilinunua mashine ya kupimia sukari, shilingi 65,000, na vile vijikaratasi vyake ambavyo ndivyo ghali, 40,000 kwa hamsini. Iliniuma kutoa pesa hiyo. Lakini kwa fundi, kipimo ni kipimo. Nilipima saa mbili baada ya kula, siku tofauti, nikaandika kwenye daftari la oda za wateja. Wali wa kujaza sahani na mchuzi: 14.2. Wali wa ngumi moja, maharage mengi, kisamvu nusu sahani: 9.1. Ugali wa dona wa ngumi moja na mlenda na sato wa kuchemsha: 8.4. Kilichonishangaza ni uji. Kikombe kikubwa cha uji wa ulezi bila sukari, nilichokunywa kwa haraka nikidhani ni dawa: 12.6. Sasa asubuhi nakula kiazi kitamu kimoja kidogo au kipande cha muhogo wa kuchemsha, yai, na parachichi nusu, na chai ya mchaichai. Namba zangu si zako, kila mwili una yake, lakini ukiweza kupima hata kwa wiki mbili tu utajua chakula chako chenyewe kinakufanya nini, badala ya kuogopa vyote. Wali hatujaacha. Mume wangu ni mtu wa Ifakara, nyumba isiyo na wali kwake si nyumba. Nimepunguza kipimo kutoka kilo nzima hadi robo tatu, na mboga zikaongezeka.

Mboga kwetu si tatizo, milima ya Uluguru inatulisha. Soko la Chifu Kingalu ukifika asubuhi utakuta za Mgeta zina umande bado. Kinachohitajika ni mpango. Jumamosi nachemsha maharage na choroko za siku tatu, nimeziloweka Ijumaa usiku. Nazigawa kwenye makopo. Jumatano narudia. Siku ninazochelewa fremuni, bila hayo makopo tungeishia chipsi mayai. Na mchana nakula kwa mama ntilie kama zamani, ila nilimwambia ukweli wa hali yangu. Ananiwekea ugali nusu, mboga za majani mara mbili, supu anaengua mafuta juu. Bei ile ile. Nilikuwa naona aibu kumwambia, kumbe na yeye ana presha.

Kwa upande wa mazoezi nilikosea pia. Jumamosi ya kwanza nilijiunga na kikundi cha jogging cha mtaani, nikakimbia na vijana, kilo 89 juu ya magoti yaliyokaa kwenye kiti miaka ishirini. Goti likavimba siku kumi na nne. Mbaya zaidi nilivaa raba za mtumba zilizobana, nikatoka lengelenge kisiginoni ambalo sikulisikia mpaka soksi iliponata. Mwenye sukari, miguu yako inaweza kuumia bila kukwambia. Kila usiku sasa nakagua nyayo zangu na katikati ya vidole, kwa kioo kidogo cha wateja, na sitembei peku hata uani. Nilipopona nikaanza kutembea. Kutoka nyumbani Kihonda hadi fremuni ni dakika ishirini na tano. Nilikuwa napanda bodaboda shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Siku tano kwa wiki, kwenda na kurudi, ni dakika 250, wakati kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni angalau 150. Sikuhitaji kutafuta muda, ulikuwepo, nilikuwa naulipia nauli. Usiku baada ya kula tunazunguka mtaa dakika kumi na tano na mume wangu, na mashine ya sukari imenionyesha zile dakika chache zinavyoshusha.

Cherehani yangu ilikuwa ya miguu, nikaifunga mota mwaka 2019, na nikiangalia picha naona unene ulianzia hapo. Mota sijaitoa, kazi ni nyingi. Ila kila nikimaliza nguo moja nasimama na kukaa mara kumi bila kushika meza, na yale madumu matupu ya mafuta nimeyajaza maji, mawili, moja kila mkono, kilo tano tano, nayanyanyua nikisubiri pasi ipate moto. Yule binti ninayemfundisha alianza kwa kuniangalia, sasa tunayagombania.

Sikukuu zilinishinda mara mbili. Krismasi ya 2023 nilikula pilau na soda kama sina kadi ya kliniki, sukari ikafika 15. Na msiba wa mjomba, siku tano za chakula cha jumuiya, nilirudi na presha ya 150. Sikuanza upya kwa hasira kama zamani. Nilirudi kwenye chupa yangu ya kikohozi kesho yake asubuhi.

Kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kilikuwa asilimia 9.4 nilipoanza. Miezi mitatu baada ya zile tarehe za dumu kilikuwa 7.6, na mwaka mmoja baadaye 6.7. Presha inacheza 130/80. Kiuno inchi 36, kilo 81. Metformini nameza bado, na cha presha nameza bado. Daktari alipunguza dozi moja, mwenyewe, kwa vipimo. Uzi natunga bila miwani, macho yalikuwa sukari. Dumu la mafuta sasa linakaa siku 43, pakiti ya chumvi siku 25, na sukari ni kilo moja kwa wiki. Pesa iliyobaki kwenye mafuta na bodaboda ndiyo inayonunua vijikaratasi vya kupimia.

Na mama mkwe, niliyemshawishi naye apime, alikutwa na 172/96. Hakuwahi kulalamika kichwa hata siku moja. Siku hizi ndiye anayeshika ile kalamu. Hajui kuandika zaidi ya namba, lakini namba anazijua vizuri, aliuza mchele miaka mingi. Juzi alifungua dumu jipya mimi nikiwa kazini. Niliporudi nikakuta ameandika tarehe, na pembeni yake, bila kuambiwa na mtu, amechora mstari mahali mafuta yanapotakiwa kuwa yamefika mwisho wa mwezi.